Nyama ya Kuoza

Mke wa kaka yangu ana kinyaa. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe hulisema hilo akifika nyumba ya watu, kabla hajakaa, ili asije akadhaniwa ana maringo. Akikaribishwa maji, hukiinua kikombe kwenye mwanga, hukigeuza, hunusa ukingo, halafu ndipo husema asante. Wengine huudhika. Mtaani wanamwita Mama Kinyaa, na wakimwona kwa mbali anakuja, hupangusa viti kwa pindo la nguo na kuchekana.

Alipoletwa kwetu akiwa bibi harusi, siku ya pili tu alikuta unywele kwenye mchuzi. Aliweka kijiko chini, machozi yakamtoka. Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi. Akamwambia kaka, "Baba, wewe hukuoa mke. Umetuletea bwana afya."

Tulicheka sana siku ile. Mimi pia nilicheka, ingawa ule unywele ulikuwa wa kichwani kwangu.

Lakini mtu hazaliwi na kinyaa cha namna ile peke yake. Dunia nayo humwongezea. Wifi yangu alifanya kazi miaka saba katika kiwanda cha mikate, kuosha trei na kufagia. Aliyoyaona humo yangetosha kumfanya mtu asile mkate mpaka anaingia kaburini. Alimwona mkandaji wa unga akiwa kifua wazi, jasho linamtiririka kidevuni na kudondokea kwenye pipa la unga, tone, tone, na akiambiwa ajifute anajibu, "Acha, ni chumvi ya bure." Aliona wadudu wakichungwa kwenye unga, halafu chenga za wadudu haohao zinarudishwa kwa sababu chekecheo lilikuwa limechoka. Na siku ya mwisho aliona panya amezama kwenye ndoo ya mafuta. Msimamizi alimshika yule panya mkia, akamkung'uta juu ya ndoo ili mafuta yasipotee, akamtupa dirishani, akasema, "Haya, kazi iendelee." Na mafuta yakaenda kazini.

Wifi alitapika palepale mlangoni. Akavua aproni, akaitundika msumarini, akatoka. Hakurudi hata kuaga.

Alitoka na kitu kimoja tu mle ndani, nacho kilikuwa mikononi. Kulikuwa na mwokaji mzee waliyemwita Fundi Siagi, msafi kuliko wote, ambaye alikuwa na meza yake pembeni na hakuruhusu mtu aiguse. Huyo ndiye alimfundisha unga wa matabaka, ule unaowekwa siagi katikati, ukakunjwa na kusukumwa na kukunjwa tena, hata ukiingia kwenye oveni unapanda na kuachana karatasi kwa karatasi. Wenye subira huufanya nusu siku. Fundi Siagi alimwonyesha njia ya mkato: siagi unaigandisha mpaka iwe jiwe, unaikwaruza juu ya unga kama unavyokwaruza karoti, unatia maji ya baridi kidogokidogo, unakusanya bila kukanda. Unakunja mara tatu kama barua, unapumzisha, unakunja tena. Saa moja na nusu umemaliza. "Mkono wa moto ni adui wa siagi," alikuwa akimwambia, "na mkono mchafu ni adui wa Mungu."

Basi wifi akaanza kupika vitafunio vya shughuli nyumbani kwake. Vipembe vidogo vya unga wa matabaka, ndani nyama ya kusaga au kuku, juu vimepakwa yai vikang'aa. Ukitafuna vinavunjika kwa sauti. Watu walivipenda. Tatizo ni mahali vilipopikwa.

Chumba chake cha kupikia kimepakana ukuta na choo cha uani, choo cha nyumba sita. Sitaki kueleza sana, maana wengine mnasoma huku mnakula. Niseme tu kwamba mvua ikinyesha, ule ukuta hutoka jasho, na si jasho la maji. Wifi huupaka chokaa kila mwezi. Baada ya wiki, doa la rangi ya chai hurudi palepale, na wiki inayofuata linaota manyoya. Amesukuma unga mbele ya doa hilo miaka kumi na moja. Siku moja nilimkuta ameuma midomo, macho yamemtoka. Nikamuuliza, "Wifi, unaumwa?" Akatoka nje mbio, akavuta pumzi, akasema, "Siumwi. Nasukuma unga nimejiziba pumzi. Nikichoka natoka kuvuta nyingine."

Ndiyo maana alipoitwa na Mama Ukumbi alikwenda kama anaitwa peponi.

Mama Ukumbi ni yule mwenye ukumbi mkubwa wa sherehe, ukumbi wenye geti la kijani, na nyumba yake iko mlemle ndani ya ua. Nyuma ya ukumbi kuna jiko. Wifi alinipeleka nikalione. Vigae vyeupe mpaka darini. Mabomba mawili. Dirisha pana lenye wavu, na upepo unaingia na kutoka. Wifi alipapasa kile kigae kwa kiganja kama anayepapasa shavu la mtoto mchanga, akakinusa kiganja chake, akanitazama. "Wifi," akasema, "hakina harufu."

Mama Ukumbi akamwambia, "Mpishi wangu ameondoka. Jumamosi namwoza binti yangu. Nipikie vitafunio vya nyama, vipande mia mbili. Wakwe wakila wakasifu, nakupa ufunguo wa jiko hili, utapika humu kila siku, shughuli zangu na zako."

"Nyama nitanunua mwenyewe, mama," wifi akasema. "Nina bucha langu ninaloliamini."

"Hapana. Nyama ninayo ndani. Hizo za bucha zenu sizijui zimetoka wapi."

Usiku wa kuamkia Jumamosi wifi hakulala, aliniambia alikuwa akiomba. Nami niliomba naye, kila mtu kwake.

Jumamosi saa nne asubuhi tulikuwa tumeshafika na ndoo ya barafu, ndani yake unga wa matabaka umefungwa kwa kitambaa chenye unyevu. Mama Ukumbi alikuwa saluni. Alikuwapo dada wa kazi, msichana mpole wa miaka ishirini na kitu, akipanga viti ukumbini. Akapiga kelele kutoka huko, "Shangazi, mama amesema nyama iko kwenye friza ya ndani! Chukueni tu!"

Tukaenda. Friza ilikuwa imejaa barafu mpaka mdomoni. Juu kabisa palikuwa na beseni kubwa la plastiki, nyama ya kusaga imeganda kama tofali, na karatasi imebandikwa kwenye kifuniko. Wifi hasomi bila miwani, na miwani yake ilivunjika tangu mwaka jana. Akaniambia, "Wifi, we ndiye msomi wetu. Hapo pameandikwaje?"

Mimi niliishia darasa la saba, lakini herufi kubwa hazinishindi. Nikasoma: NYAMA YA KUOZA.

"Ndiyo hiyo," nikasema. "Leo si ndiyo wanaoza binti? Wameitenga kabisa, watu wana utaratibu hawa."

Wifi aliinama akainusa, kama kawaida yake. Barafu haina harufu. Alinusa tena. Akakwangua kidogo kwa ukucha, akautazama ukucha. "Rangi yake siipendi," akasema.

"Ni barafu, wifi. Hata wewe ukigandishwa utabadilika rangi."

Akacheka. Mungu anisamehe, nilimchekesha ili twende.

Tukaliweka lile tofali kwenye sufuria kubwa, tukatia maji kidogo, tukafunika, moto mdogo. Yeye akarudi mezani kusukuma unga, maana unga wa matabaka haungoji mtu. Siagi ikilainika umekwisha. Nikabaki nakata vitunguu. Dirisha liko wazi, upepo unaingia, kisukumio kinakwenda, taratibu, taratibu. Nikaanza hata kuimba wimbo wa kuabudu.

Kwanza nilidhani ni bomba la maji machafu. Nikainama chini ya sinki. Nikadhani ni kitambaa. Nikanusa kitambaa. Halafu kifuniko kikainuka kidogo kwa mvuke, na ile harufu ikatoka yote kwa mara moja, ikanipiga usoni kama mtu.

Naomba radhi, nitaisema. Ilikuwa na utamu ndani yake. Hilo ndilo lililonitia kichefuchefu, ule utamu, kama tunda lililopasuka kwenye jua juu ya mnyama aliyekufa. Nilifunua. Povu la kijivu limesimama, pembeni kijanikijani, na katikati, pale barafu ilipoyeyuka kwanza, nyama ilikuwa inavutika kama ute wa bamia ukiinua mwiko. Ilivutika, haikukatika.

Wifi aliacha kisukumio juu ya unga, akaenda dirishani, akatoa kichwa nje, akakohoa mpaka mgongo ukatikisika.

Yule dada wa kazi akaja mbio, amefunika pua kwa kiwiko. "Shangazi! Mnapika nini?"

"Nyama uliyotuambia."

"Ipi?"

"Hii iliyoandikwa. Ya kuoza."

"Sasa si nimeandika ya kuoza!"

"Ndiyo, ya kuoza. Si leo mnaoza?"

"Shangazi, si ya kuoza! Ni ya kuoza! Imeoza!" Akaanza kulia na kucheka vyote pamoja. "Umeme ulikatika siku tatu. Nyama ikaharibika, ikatoa maji, nikataka kuitupa. Mama akasema nisitupe kitu chochote mpaka aone yeye. Umeme uliporudi ikaganda tena, ikakaa kama nzima. Nikaandika ili mtu asije akaipika!"

Nilikaa kwenye kiti. Nimesema maneno haya mawili tangu nilipojua kusema, na sijawahi kufikiri kwamba yamevaa nguo moja.

"Ya shughuli iko wapi, mwanangu?" wifi akamuuliza, bado yuko dirishani.

"Sijui, shangazi. Mama aliposema iko kwenye friza, nilijua ameagiza nyingine."

Ndipo akaingia Mama Ukumbi mwenyewe, nywele zimesukwa, kucha mbichi, amenyoosha vidole visiguse kitu. Alisimama mlangoni. Najua aliisikia ile harufu, maana pua ilimcheza. Lakini alisema, "Mbona mmesimama? Saa saba hii. Wakwe saa kumi wako hapa."

Wifi akamwonyesha sufuria. "Mama, nyama hii imeoza."

"Imelala tu siku mbili tatu. Nyama kulala ni kawaida."

"Mama, imeoza. Msichana wako aliandika."

"Aliandika ya kuoza, nikamsifu moyoni, nikasema leo huyu msichana ameonyesha akili, ameitenga ya kumwozea dada yake." Akamtupia yule dada wa kazi jicho. "Kumbe alikuwa ananisemea vyakula vyangu."

Wifi akasema kwa upole, "Basi tumtume mtu bucha sasa hivi. Nusu saa amerudi."

"Kununua nini, na nyama ipo? Kilo zote hizo nimwage? Sikilizeni. Mwageni hayo maji. Oshea siki. Tia pilipili, tia kitunguu saumu, tia tangawizi. Kisichoua kinanenepesha. Mkishaifunika na hayo matabaka yenu, nani ataona?"

Sipendi kumsema mtu aliyenikaribisha kwake. Lakini nilimtazama yule mama akisema maneno yale, manukato yake mazuri yamechanganyika na ule mvuke, na nikashindwa kujua kipi kinanitia kichefuchefu zaidi. Alisema "nani ataona" kama mtu anayesema "tutie chumvi kidogo". Binti yake mwenyewe yuko chumbani anapambwa. Kipande cha kwanza kingeingia kinywani mwake.

"Matabaka yangu si blanketi, mama," wifi akasema.

"Unasemaje?"

"Hayafuniki kitu."

Mama Ukumbi akachekea puani. Akafungua mkoba kwa ncha za vidole, akautoa ufunguo, ufunguo mrefu wenye utepe mwekundu, akauning'iniza. "Nilisikia unaitwa nani huko mtaani. Nikasema ni maneno ya watu. Jiko hili wapo wanaolililia, tena wasio na pua ndefu. Utapika au hutapika?"

Namjua wifi yangu. Nilijua anachokiona mbele ya macho yake wakati ule. Alikitazama kigae. Alilitazama dirisha. Na mimi, niseme ukweli wangu kwa kuwa Mungu ananiona, moyo wangu ulisema polepole, labda siki itasaidia. Najichukia kwa wazo hilo mpaka leo.

Wifi akazima moto. Akaifunika ile sufuria, akaitoa nje nyuma ya jiko, akarudi, akanawa mikono mpaka viwiko mara mbili. Halafu akamwambia dada wa kazi, "Ile nyama ukaifukie. Kwanza nipe vitunguu vyote mlivyonavyo. Na mayai. Jibini ipo?"

"Ipo, shangazi. Mbili kubwa."

"Lete na nyanya."

"Vitunguu!" Mama Ukumbi akapaaza sauti. "Wakwe zangu niwape vitunguu? Watu waseme nimemwoza mwanangu kwa vitunguu!"

"Mama," wifi akasema, anachomoa kisu kwenye ala yake, "heri kumwoza kwa vitunguu kuliko kumwoza kwa kuoza."

Yule dada wa kazi akaangua kicheko, akakifunga kwa mikono miwili, akakimbilia stoo. Mama Ukumbi angemfuata, lakini simu ikalia: wakwe wameshatoka kwao, wako njiani, wamewahi. Akatutazama. Akatazama saa. Akaondoka na kucha zake juu juu, na ufunguo wake.

Sijawahi kuona mikono ikifanya kazi kama ile. Tulikata vitunguu mpaka tukawa hatuonani kwa machozi. Wifi alivitia kwenye siagi, moto wa chini, na kijiko cha sukari, akavikoroga mpaka vikalegea, vikawa rangi ya asali. Akatia pilipili manga. Mimi namenya mayai ya kuchemsha yakiniunguza vidole, dada wa kazi anakwaruza jibini. Unga ulikuwa umeanza kulainika. Wifi akaufunga tena, akautumbukiza kwenye barafu, akahesabu kwa kuomba, maana husema sala fulani mara kumi ni dakika tano. Akautoa, akausukuma mara moja tu, kwa mkono mwepesi, akaukata miraba midogo. Kijiko cha kitunguu, kipande cha yai, jibini juu, unakunja kona kwa kona, unabana kwa uma. Vingine havikukunjwa kabisa: aliviacha wazi, akaweka duara la nyanya na jibini, akasema, "Hivi vitajikunja vyenyewe kwa aibu." Yai juu. Oveni moto mkali. Dakika ishirini.

Na ile harufu nyingine bado ilikuwa humo, imeng'ang'ania kwenye nywele zetu. Kila nilipovuta pumzi nilitafuta kitunguu, nikakuta mzoga, halafu kitunguu. Wifi aliendelea kubana kingo kwa uma, uso umemkauka kama udongo, na sijui kama alivuta pumzi hata mara moja.

Trei ya kwanza ilipotoka, vipembe vilikuwa vimepanda vidole viwili. Akavunja kimoja, akanusa ndani, akakitafuna polepole amefumba macho. Akatikisa kichwa kukubali.

Basi wageni wakala. Nilichungulia kwenye upenyo wa mlango. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye sauti, alikula kimoja, akachukua viwili, akafunga vitatu kwenye leso. "Mwenzangu," akamwambia Mama Ukumbi, "mbona umetushinda! Kila shughuli ni nyama, nyama, mpaka tumechoka. Nani alikupa wazo hili?"

Mama Ukumbi akashusha macho kwa unyenyekevu. "Ni mimi tu, mwenzangu. Nilisema leo tule vyepesi."

Saa kumi na moja na nusu trei zote zilikuwa tupu. Tunaosha vyombo, Mama Ukumbi akaingia, anang'aa. Hakuomba msamaha, lakini alicheka na sisi kama watu tuliokuwa pamoja naye tangu asubuhi. "Haya bwana, Mama Kinyaa, umeniweza. Ahadi ni ahadi." Akamwekea wifi ufunguo kiganjani, akamfunga vidole. "Jumatatu anza."

Wifi aliutazama ufunguo. Nikaona kidole gumba chake kinapapasa ule utepe. Nikasema kimoyomoyo, Bwana, asante.

Dada wa kazi akaja mlangoni. Alikuwa amepauka. "Shangazi," akasema, hakumtazama mama yake wa kazi, "babu mlinzi wa getini anatapika."

"Amekula nini?" wifi akauliza.

Msichana akatazama nje nyuma ya jiko, mahali wifi alipoiweka ile sufuria. Nikatazama na mimi. Sufuria ilikuwa imeoshwa, imefudikizwa, inachuruzika maji.

"Iko wapi ile nyama?" wifi akasema. Hakuuliza kwa ukali. "Nilikuambia uifukie, mwanangu."

"Nilikuwa nimeshachimba shimo, shangazi. Mama akasema..."

"Kwani kuna nini?" Mama Ukumbi akadakia. "Nilimwambia aichemshe tena na pilipili, nikampa mzee saa nane na wali wake. Na wale wanaopanga viti. Wale wengine walikataa, yeye alikula. Watu kama wale wamezoea, matumbo yao si kama yetu. Ningemwaga?"

Tulimkuta amekaa chini kando ya ukuta wa geti, mgongo ukutani, koti la ulinzi limefunguliwa vifungo. Mzee wa umri wa baba yetu. Alikuwa amejichafua mbele na nyuma, na bado anajaribu kujiweka sawa kwa kuwa wageni wanapita. Ile harufu ilikuwa imerudi, sasa ikiwa na uchungu wa nyongo. Mgeni mmoja alipita amejifunika pua kwa leso, akaruka lile dimbwi kwa viatu vyake vyeupe.

"Baba," wifi akamwambia, "hukusikia inanuka?"

"Nilisikia, mwanangu." Alijaribu kutabasamu. "Nikadhani ndivyo viungo vya wakubwa vinavyonukia."

Likaja tapishi lingine. Wifi alikuwa ameshapiga magoti. Mkono wa kushoto alimshika paji la uso. Wa kulia bado ulikuwa na ule ufunguo. Mama Ukumbi alikuwa amesimama nyuma yetu, hatua nne hivi, anasema kwa sauti ya chini tumtoe pale watu wasione, tumpeleke nyuma, tumpeleke nyuma upesi.

Wifi akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Mama, nishikie huu," akasema. "Mikono yangu ina kazi."

Mama Ukumbi akaupokea kwa ncha za vidole.

Tulimtia maji yenye chumvi na sukari, kijiko baada ya kijiko. Wifi alimvua koti, akamwosha kifua na miguu kwa kitambaa alichofungia unga, akakisuuza, akamwosha tena. Dada wa kazi alimwaga majivu. Kaka yangu akaja na gari la rafiki yake, tukampeleka zahanati, na kwa neema ya Mwenyezi Mungu alilala siku mbili tu, ya tatu akaomba chai.

Pale getini, wakati tunampakia, Mama Ukumbi alikuja mpaka kwenye mlango wa gari. Ufunguo ulikuwa mkononi. "Basi chukua," akamwambia wifi. "Usije ukasema sikukupa."

Wifi alikuwa amempakata mzee kichwa mapajani, nguo yake imelowa. Alimtazama Mama Ukumbi kama mtu anayejaribu kukumbuka neno.

"Funga mlango, wifi," akaniambia. "Baba anapigwa na upepo."

Nikaufunga.